Zulia Lililozaliwa Guniani

Maneno niliyoyasema Jumamosi moja ya Januari mjini Portland, jimbo la Maine, siku tulipofungua darasa la mazulia ya kulabu. Nimeyanyoosha kidogo tu, na nimeondoa pale watoto waliponikatiza.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, poleni na baridi. Wenzangu wa Bukavu, Uvira na Bujumbura mtanivumilia na Kiswahili changu cha Tanga. Mimi chenu nimekivumilia mpaka kimenishinda. Juzi nimejikuta nawaita wanangu "batoto".

Kabla sijaanza, naomba zulia hili lipite mikononi mwenu. Lipokeeni kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na tafadhali msilikunje. Tazameni kwanza uso wake: maua mekundu katikati, majani, ukingo mweusi. Ukilikuta kwa mtu utasema ni kapeti kuukuu tu. Sasa ligeuzeni. Mama uliyekaa hapo mbele, unaona nini mgongoni? Sema kwa sauti wasikie.

Naam. Gunia.

Zulia hili nilipewa na jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa hapa Maine, miaka themanini na ushei. Ulikuwa mwaka wangu wa pili hapa. Nilimsaidia kuondoa theluji mlangoni kwake, naye hakuwa mtu wa kulala na deni. Nikalitandika chumbani. Wiki ya tatu nikaona limeshika vumbi. Basi mtoto wa Tanga nikafanya nilivyolelewa: nikalitoa nje, nikalishika ncha mbili, nikalikung'uta kwa nguvu zote kama jamvi baada ya khitma. Mkung'uto wa tatu nikasikia "tarararaa". Kutazama, zulia lina ufa wa kupitisha mkono.

Nilikaa nalo siku nne, nikipanda ngazi kwa kunyata nisikutane naye. Siku ya tano nikagonga mlango, nikakiri. Akaliangalia, akaniangalia, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akaingia ndani na kutoka na kulabu yenye mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Hakunipa pole, alinipa kazi. Majira yale yote ya baridi, kila Jumanne, nilikuwa jikoni kwake naziba ufa niliouchana mwenyewe. Mengi nitakayowaambia leo nilianza kuyasikia jikoni mle, mengine nimeyafuata baadaye kwenye majumba ya makumbusho na vitabuni.

Ukiwauliza watu wa huku, wengi watakwambia mazulia haya yalikuja melini pamoja na mababu zao wa mwanzo. Hapana. Mababu wale walikanyaga mbao tupu, na zulia wakati ule lilikuwa nguo nzito ya kutandika kitandani. Nani angekikanyaga kitu cha thamani kiasi hicho? Zulia la kulabu ni mtoto wa karne ya 19. Lilishika kasi kuanzia miaka ya 1850, katika pwani hii tuliyopo: Maine na majirani zake wa New England, na ng'ambo ya mpaka kule Nova Scotia, New Brunswick, Newfoundland na Labrador. Wapo wanaosema chimbuko lake ni Uingereza ya kaskazini, kwamba wafumaji wa viwandani waliruhusiwa kuchukua vipande vya nyuzi visivyofaa kitu, wakaenda kuvichomeka kwenye kitambaa nyumbani. Inawezekana, na hata leo kaskazini ya Uingereza wana mikeka yao ya matambara, ya kuweka mbele ya moto. Lakini sanaa hii tunayoijua ilikulia upande huu wa bahari, na sababu ya kukua kwake wakati ule mmeishika mikononi.

Juti, mmea ambao nyuzi zake hufumwa magunia, hulimwa Bengali. Katika miaka ya 1830 wenye viwanda wa mji wa Dundee, Uskoti, walijua kwamba nyuzi zake kavu zikilainishwa kwa mafuta ya nyangumi husokoteka kwa mashine. Tangu hapo dunia ikajaa magunia: ya kahawa, ya nafaka, ya sukari, ya chakula cha mifugo. Neno lenyewe, gunia, asili yake ni Uhindi, na Waingereza nao wamelichukua hukohuko wakalitamka wanavyoweza. Mwenye duka wa Tanga na mke wa mvuvi wa Maine, bidhaa ikishamwagwa, walibaki na kitu kilekile.

Sisi tulilijaza tena. Mahindi yakitoka unaingia mkaa, mkaa ukitoka linakuwa mlango wa bafu la uani, na likichakaa kabisa linawekwa mlangoni la kufutia miguu. Mwanamke wa huku alifumua mshono, akalifua, akalitandaza, akaona ni karatasi yenye matundu. Ndiyo maana mazulia mengi ya zamani ukiyapima yanakaribiana ukubwa: kipimo kilikuwa gunia moja lililofumuliwa.

Kazi yenyewe haina siri, na Mungu akipenda ndani ya saa moja kila mmoja wenu atakuwa anaiweza. Unalikaza gunia juu ya fremu mpaka liwe kama ngoma. Mkono wa kushoto unakaa chini umeshika utepe wa sufu. Wa kulia uko juu na kulabu. Unaizamisha kulabu tunduni, inaudaka utepe, unauvuta juu ubaki kitanzi. Unaruka tundu moja, unavuta kitanzi kingine. Basi. Hakuna fundo, hakuna gundi, hakuna uzi wa kushonea.

Swali la kwanza la kila mtu ni hili: sasa kinashikiliwa na nini? Kinashikiliwa na msongamano. Vitanzi vimebanana kama abiria wa daladala la jioni. Hata dereva akifunga breki hakuna anayeanguka, hana pa kuangukia. Ndiyo maana ukikosea huna hasara. Unavuta ncha ya utepe, mstari wote unafumuka, unaanza upya na utepe uleule.

Waliosuka ukili humu ndani watauona utamu wa jambo hilo. Ukili ni hesabu. Ukipoteza chane moja, upande mzima unapinda, na bibi yako aliyekaa kibarazani ataliona kosa hata kama ana mtoto wa jicho. Kulabu haina hesabu hiyo, iko karibu zaidi na kuchora. Wala sisemi moja ni bora. Mkeka wa miyaa unapitisha hewa, na kwa joto la Tanga zulia la sufu ni adhabu. Hapa Maine, Februari, ukishuka kitandani alfajiri ukakanyaga mbao tupu, utajua kwa nini mama wa watu alivua sketi yake kuukuu akaikata tepe.

Sufu ifuliwe kwanza kwa maji ya moto ili ishikamane, nyuzi zisichambuke pembeni ukiikata. Tepe hukatwa kwa mkasi, au kwa kile kimashine pale mezani cha kuzungusha kwa mkono. Visu vyake vina namba. Namba 3 ni upana wa kama milimita mbili na nusu, wa kuchorea jicho la ndege na mishipa ya majani. Namba 8 ni robo inchi, wa watu wenye haraka kama mimi. Kitanzi kisimame kwa urefu unaolingana na upana wa utepe wake. Na sufu iandaliwe mara nne ya eneo unalotaka kujaza, hata zaidi kidogo. Wanaoanza hukwama hapo. Anadhani koti moja litamaliza zulia, kumbe koti moja ni maua mawili na nusu jani.

Rangi za mwanzo zilitoka jikoni na porini: maganda ya vitunguu hutoa njano iliyoiva, chai hutuliza weupe unaopiga kelele, na buluu ni nili, ambayo nayo ilinunuliwa dukani kwa sababu imetoka mbali. Baadaye karne hiyohiyo zikaja rangi za viwandani za pakiti. Ukiona zulia la zamani lina zambarau iliyokufa ikawa kama majivu, hapo jua limekula rangi ya pakiti.

Niruhusuni nitoke njiani kidogo, kwa sababu hili la nguo linatuhusu. Bibi zetu walikuwa na kitambaa cha pamba kisichopaushwa, wakakiita merikani. Jina hilo ni la kweli kabisa. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 akafika Unguja Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani pale, mtu wa Salem, Massachusetts. Salem ni mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari kutoka hapa tulipo. Meli zake zilipeleka merikani zilizofumwa New England, zikarudi na pembe, sandarusi na karafuu. Bara, merikani ilikuwa fedha: mpagazi alilipwa kwayo, hongo ikatolewa kwayo. Na huku nguo ya kiwandani ilipokuwa rahisi, hata nyumba ya mvuvi ikaanza kuwa na kitu ambacho zamani ilikuwa nadra kuwa nacho, yaani matambara ya ziada. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, vilipokausha pamba, merikani kutoka huku ikayumba sokoni Zanzibar, nguo za Uingereza na Uhindi zikachukua nafasi. Haya, turudi kwenye gunia.

Kuna jina mtalisikia kila penye mazulia haya: Edward Sands Frost. Alikuwa mchuuzi wa vyombo vya bati mjini Biddeford, hapo kusini yetu, mji wa viwanda vya pamba. Katika mizunguko yake ya uchuuzi alikusanya matambara ya rangi, na mwaka 1868 mkewe, aliyekuwa ameyaweka akiba, aliamua kuyageuza zulia. Akaenda kwa binamu yake akachorewa mchoro kwenye gunia. Frost alikuwa na ufundi wa mashine. Akamwona mkewe anahangaika na kulabu mbovu, akamtengenezea nzuri. Akajaribu kuvuta vitanzi viwili vitatu mwenyewe, akautazama ule mchoro, akajiambia anaweza kuchora bora kuliko huo. Akachora. Majirani wakauona, kila mmoja akataka wake. Oda zikazidi mikono. Ndipo alipopanda darini kwenye banda la farasi, akaokota mabati ya vyombo vilivyokufa, akakata stensili, yaani vibati vyenye matundu ya mchoro vya kupigia rangi. Kuanzia hapo gunia moja lilipigwa mchoro kwa dakika, si kwa siku.

Alipouza biashara hiyo mwaka 1876 stensili zilikuwa mamia: maua, mbwa, simba, na michoro ya kuigiza mazulia ya Uturuki. Nyingi zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Michigan.

Sasa sikilizeni jambo moja dogo. Frost mwenyewe ndiye aliyesimulia habari hii, na katika simulizi yake mkewe ni "mke wangu", basi. Yule binamu aliyechora mchoro wa kwanza, uliomtia mtu huyu wivu wa kuchora, anamtaja kama Bi. George Twombly. George ni mume. Kwa hiyo wanawake wawili walianza kitu, na tunalijua jina la mchuuzi wa bati, la mume wa binamu, hata la aliyenunua biashara baadaye, James Strout.

Simlaumu Frost. Wapo watu ambao Mungu hakuwapa mkono wa kuchora, na stensili ikawapa zulia. Pia wanawake hawakumtii sana. Simba alitoka dukani amechorwa kwa mstari mweusi tu. Nyumbani rangi ilikuwa juu ya mama na matambara yake. Lakini mimi nikiachiwa nichague, nachukua yale yaliyotangulia stensili. Nendeni siku moja New York, jumba la makumbusho la Metropolitan, mwone zulia la Lucy Barnard wa Dixfield Common, kijiji cha hapahapa Maine. Lilitengenezwa mnamo 1860. Ni nyumba juu ya kilima. Hakuna aliyemchorea. Na yeye jina lake limebaki, katika wachache mno.

Nije kwenye bei, kwa sababu nimesikia minong'ono kwamba wengine mmekuja kujifunza ili muuze sokoni kiangazi. Hakuna aibu katika hilo. Ila yajueni yaliyowapata wenzenu.

Miaka ya 1920 matajiri wa mijini walipenda ghafla vitu vya kale vya mashambani. Wachuuzi wakaingia vijijini, hasa kule Nova Scotia na visiwa vyake, garini wamebeba linoliamu mpya. Mama, hicho kizulia kichafu cha nini? Nipe, nikuachie sakafu inayong'aa. Wakatoa. Mazulia yakaenda Boston na New York kuuzwa kama vitu vya thamani. Watu wakisimulia habari hii huwacheka wale kina mama. Mimi siwacheki hata kidogo. Una watoto wanane, mume anarudi na magamba ya samaki, jiko linatema masizi, halafu mtu anakuletea sakafu ya kupigwa deki dakika tano? Ningetoa na la mama mkwe. Kubadilishana hakukuwa na ubaya, ubaya ulikuwa kwamba mmoja tu alijua bei.

Newfoundland na Labrador wana habari nyingine. Mwaka 1892 alifika huko daktari Mwingereza, Wilfred Grenfell, kuwatibu wavuvi. Alikuta watu ambao fedha taslimu huwaoni nayo: samaki walikwenda kwa mfanyabiashara, unga na chai vikatoka kwa mfanyabiashara huyohuyo, na daftari la deni lilikuwa lake. Kina mama walikuwa tayari wanatengeneza mazulia kwa magunia, kazi ya mwisho wa baridi kabla uvuvi haujarudi. Misheni ya Grenfell, makao yake St. Anthony, ikaifanya biashara. Kuanzia 1906 Mmarekani Jessie Luther alikwenda kusimamia kazi za mikono, na polepole mazulia yakazipita nyingine zote. Dubu weupe, mbwa wanaokokota sleji, bata bukini angani, jahazi kwenye barafu, vyote kwa mistari iliyonyooka kama imepigwa rula.

Halafu wakaishiwa matambara. Mwisho wa miaka ya 1920 wakawaomba wanawake wa mijini wapeleke soksi zao za hariri zilizotoboka. Tangazo lao lilicheza na neno la Kiingereza ambalo ni soksi kufumuka na pia ni kukimbia: soksi zako zikikimbia, ziache zikimbilie Labrador. Zikakimbia kwa wingi. Hariri iliyovaliwa kwenye dansi mjini ikapakwa rangi, ikakatwa, ikawa anga la jioni juu ya gunia. Nimeyaona kwa macho yangu na nakiri kwamba kwa usafi wa kazi sijaona ya kuyapita. Lakini mchoro ulitoka ofisini umeshapangwa, na kazi ilikaguliwa. Aliyevuta vitanzi hakumchagua dubu.

Wenzangu mnaosema Kifaransa, sasa ni zamu yenu. Kule kisiwani Cape Breton, Nova Scotia, kuna kijiji cha wavuvi, Chéticamp. Ni Waakadia, uzao wa walowezi wa Kifaransa, Kifaransa chao ni cha kale na hawajakiachia. Mwaka 1927 msanii Mmarekani, Lillian Burke, rafiki wa jamaa ya Alexander Graham Bell waliokuwa na makazi ya kiangazi Baddeck, alianza kufanya kazi na wanawake wa Chéticamp. Aliwabadilisha mambo mengi. Rangi zikatulia. Matambara yakaachwa, ikaja sufu ya uzi iliyotiwa rangi hatua kwa hatua. Maua yakawa ya kufaa kumbi za matajiri wa New York, na mazulia yakawa makubwa, kina mama kadhaa wakikaa pamoja kwenye fremu moja. Malipo yalihesabiwa kwa futi ya mraba. Burke alikuwa na jicho, na alikuwa na wanunuzi. Bila yeye pengine Chéticamp isingejulikana.

Lakini wanawake walijua kuhesabu. Walijua futi moja inakula siku ngapi, na mwisho wakapata fununu ya zulia linauzwa bei gani huko linakokwenda. Katikati ya miaka ya 1930 wakataka nyongeza. Mambo yakaharibika, baadhi wakajitenga naye, wakaanza kuuza wenyewe. Bahati ilikuwa upande wao kidogo: barabara ya Cabot Trail, inayozunguka milima ya kisiwa, ilifunguliwa mwaka 1932, na watalii wakaanza kupita mlangoni. Kazi zikawa ndogondogo za kubebeka kwenye gari. Hatimaye wakawa na ushirika wao.

Kijiji hichohicho ndicho kilichomtoa Elizabeth LeFort, aliyezaliwa 1914 akafariki 2005. Alichora nyuso za watu kwa kulabu. Mkikumbuka kwamba uso wa mtu una rangi ngapi za kahawia na waridi, na kila moja ni lazima uitie mwenyewe kwenye sufuria, mtajua ni kazi gani. Kazi zake zilifika Ikulu ya Marekani, Vatikani na Buckingham Palace. Ukienda Chéticamp kuna jumba lenye kazi zake, na chini yake jina limeandikwa kwa herufi kubwa.

Basi hesabu zenu zianzie nyumbani. Andika saa ulizokaa kwenye fremu, kila jioni, hata kama ni dakika ishirini. Mtu akikuuliza bei, usijibu kwa kumtazama usoni, jibu kwa kutazama daftari. Akisema ghali, mwonyeshe duka la makapeti, halafu mwandalie chai, si adui.

Machache ya utunzaji, nayataja mbio kwa kuwa niliyajifunza kwa aibu. Usilikung'ute, mmeshaona. Usilikunje, livingirishe, na uso uwe nje, ili mgongo usivunjike. Likipata maji lisikae nayo, maana juti huoza. Wenyeji hulisafisha kwa theluji: siku ya baridi kavu unalilaza kifudifudi juu ya theluji mpya, unalipigapiga taratibu kwa kiganja, unaliinua, vumbi limebaki chini kwenye weupe. Mara ya kwanza nilidhani bibi yule ananitania.

Na yale magunia ya mchele wa basmati mliyokuja nayo leo, ahsanteni, tutayatumia. Yanafaa sana kujifunzia. Ila zulia unalotaka wajukuu walikute, nunua kitambaa cha kitani cha kufanyia kazi hii. Juti ikizeeka hukauka na kukatika. Mimi nilikuwa na makosa yangu, lakini zulia lile nalo lilikuwa limeshamaliza miaka yake. Jirani yangu aliniambia hivyo mwishoni kabisa mwa majira yale ya baridi, baada ya kuniacha nijilaumu miezi mitatu.

Limerudi? Lete, mwanangu. Tazameni, huu hapa ndio ufa, nimeuziba na kipande cha gunia la mchele na wekundu wangu haukulingana na wa zamani; unaonekana kutoka mlangoni. Na hapa pembeni nyuma, karibu na pindo, kuna herufi mbili za uzi mweusi, A na M. Nilimuuliza jirani yangu ni nani. Alisema zulia lilikuwa la nyumba ya mama mkwe wake, lilikuwepo kabla hajaolewa, na hakuwahi kuuliza. Sasa hata yeye hayupo.

Pale mezani kuna kalamu za wino usiofutika. Kabla hujaingiza kulabu, geuza gunia lako uandike jina nyuma, lote, ulilopewa na wazazi wako, pamoja na mwaka. Fremu ni kumi na mbili nasi tuko kumi na tisa, kwa hiyo saba wataanza na mkasi na yale makoti. Chai iko nyuma, mwenye mikono ya maandazi anawe kwanza.